Maswali ya Wasomaji: Antena Iliyogeuka Mkono

Safu hii ya mafundi na wanafunzi wa redio imepokea barua kadhaa kuhusu antena za kiraka (kipande bapa cha shaba juu ya bodi) zenye polaraizesheni ya mviringo, yaani uga wa umeme wa wimbi huzunguka likisafiri, ama kwa mkono wa kulia ama wa kushoto, hasa zile za kupokea setilaiti katika bendi mbili. Tumechagua nne. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu kosa lililomo limemkuta karibu kila mtu aliyewahi kutengeneza antena ya aina hii kwa mikono yake, mjibu maswali akiwemo.

Swali. Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mawasiliano, na mradi wangu wa kumaliza shahada ni antena ndogo ya kiraka itakayopokea setilaiti za GPS katika masafa mawili, L1 na L5. Nimeanza na L1 peke yake, kwenye bodi ya kawaida ya FR4 yenye unene wa milimita 1.6 niliyoinunua Kariakoo. Kiraka ni mraba wa milimita 45, pembe mbili zinazotazamana nimezikata, na mlisho ni wa sindano inayotoka nyuma ya bodi. Mchoro niliuchapisha kwa printa ya leza, nikauhamishia kwenye shaba kwa pasi, kisha nikaosha kwa feriki kloridi. NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, inaonyesha S11 (nguvu inayorudi kwenye kebo) ya desibeli −22 palepale kwenye megahezi 1575, na msimamizi wangu alinipongeza. Lakini nikiiweka juu ya paa, ikiwa na kikuza mawimbi chenye kelele ndogo nyuma yake, setilaiti nyingi zinasoma chini ya 30 kwenye kipokezi (uwiano wa mawimbi kwa kelele), wakati antena ya dukani iliyokaa palepale inasoma kati ya 42 na 46. Nimebadilisha kebo mara tatu. Kosa liko wapi? (J., Kijitonyama)

Jibu. Marahaba, J. Kabla hujanunua kebo ya nne, jibu swali moja: ulipochapisha mchoro, uliugeuza kama unavyoonekana kwenye kioo, au uliuchapisha kama ulivyo kwenye kompyuta?

Nauliza kwa sababu njia ya pasi hugeuza picha. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya shaba, na kilichokuwa kulia huishia kushoto. Kwa saketi yenye vipandikizi vingi kosa hilo hujitangaza lenyewe, kwa kuwa miguu ya IC hukataa kukaa mahali pake. Kiraka cha mraba chenye pembe mbili zilizokatwa hakina cha kukataa. Vipimo vyake vyote vinabaki sahihi, masafa yanabaki yaleyale, S11 haisogei hata kidogo, na antena hutoka ikiwa nzuri kabisa, ila imekuwa ya mkono wa kushoto, na setilaiti za GPS hutuma kwa mkono wa kulia. Miaka iliyopita, katika maabara ambayo sitaitaja, nilitengeneza antena kumi za namna hiyo kwa mpigo na kuzisambaza kwa wenzangu kabla ya kupima hata moja juani, kwa hiyo nazungumza kama mtu aliyelipia somo hili.

Jihakikishie hivi. Shika antena ukiitazama kwa mbele, upande wa kiraka, huku tundu la mlisho likiwa upande wa chini, kwenye mstari wa katikati. Kwa mkono wa kulia, pembe zilizokatwa zinapaswa kuwa ya chini kushoto na ya juu kulia. Ukikuta ni ya chini kulia na ya juu kushoto, umepata jibu lako.

Sababu yake inafaa kueleweka kuliko kukaririwa. Kiraka cha mraba kinaweza kubeba mitetemo miwili ya umeme, mmoja kwa kila mshazari, na sindano iliyo katikati ya upande huichochea yote miwili kwa nguvu sawa. Ukikata pembe za mshazari mmoja, unaufupisha, na masafa yake ya resonansi yanapanda; mshazari mwingine unabaki mrefu na masafa yake yanakuwa chini kidogo. Unapofanya kazi katikati ya masafa hayo mawili, mtetemo wa mshazari mfupi unatangulia kwa fezi (yaani kwa wakati ndani ya mzunguko) na ule wa mshazari mrefu unachelewa, na ukata ukiwa wa kiasi sahihi, tofauti yao inafikia nyuzi 90. Uga wa umeme basi huanza kwenye mshazari uliokatwa na kuhamia kwenye ule mzima, ukizunguka bila kusimama. Ukibadilisha mshazari uliokatwa, mzunguko unageuka, na hakuna kitu kingine kinachobadilika.

Hasara yake unaweza kuihesabu. Ubora wa polaraizesheni ya mviringo hupimwa kwa uwiano wa mihimili, yaani tofauti kati ya uga mkubwa na uga mdogo ndani ya mzunguko mmoja. Duara kamili ni desibeli 0, na kwa kawaida wahandisi hukubali hadi desibeli 3. Antena yenye uwiano wa desibeli 3 hupokea mkono usio wake kwa desibeli 15 hivi chini ya mkono wake. Toa 15 kwenye 44 uone unafikia wapi. Kuna na la pili, ambalo kwa paa za mabati za jiji letu ni zito zaidi: wimbi la mkono wa kulia likigonga bati na kurudi, hugeuka kuwa la mkono wa kushoto. Kwa hiyo antena yako ilikuwa inaziba sikio kwa setilaiti na kulitega kwa mabati ya jirani.

Habari njema ni kwamba huna haja ya kuosha bodi nyingine. Chomoa sindano, ziba tundu la zamani kwa utepe wa shaba upande wa bamba la nyuma, kisha toboa tundu jipya kwenye mstari wa katikati wa upande wa kushoto au wa kulia, kwa umbali uleule kutoka kitovu cha kiraka. Mlisho ukihama kutoka upande wa chini kwenda wa pembeni, mkono unageuka wenyewe.

Sasa nikupunguzie furaha ya ile −22. S11 inakuambia ni kiasi gani cha nguvu kimekataa kurudi kwenye kebo. Haisemi kilikwenda wapi. Kipingamizi cha omu 50 kilichofungwa mwishoni mwa kebo kina S11 nzuri kuliko antena yoyote utakayoitengeneza maishani, na hakirushi chochote. Bodi ya FR4 ina tabia ya kipingamizi hicho kwa kiasi cha kutisha. Tanjenti yake ya upotevu, kipimo cha jinsi bodi inavyokula nguvu ya wimbi, ni takriban 0.02, maana yake Q (nishati inayohifadhiwa kulinganisha na inayopotea) ya dielektriki, yaani ya kihami cha bodi, ni 50. Q ya mnururisho, kwa kiraka cha L1 chenye unene wa milimita 1.6, inakaribia 127, na ile ya shaba ni kama 960. Ukizijumlisha kwa kinyume chake, kama unavyojumlisha vipingamizi sambamba, Q nzima inakuwa karibu 35. Gawanya 35 kwa 127 upate ufanisi: asilimia 27 hivi. Karibu robo tatu ya ulichokamata kinageuka joto ndani ya gundi na nyuzi za kioo za bodi. Hata ukiugeuza mkono leo jioni, usitarajie kuifikia antena ya dukani. Desibeli 5 au zaidi zitabaki mikononi mwa FR4.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu upotevu huohuo ndio unaoifanya bodi ionekane nzuri kwenye NanoVNA. Q ndogo ina maana ya upana wa bendi. Kwa kiraka cha mlisho mmoja, upana wa S11 ni takriban 1.41 kugawanya kwa Q, na upana ambao uwiano wa mihimili unabaki chini ya desibeli 3 ni 0.35 tu kugawanya kwa Q, yaani robo ya ule wa kwanza. Kwa Q ya 35, S11 yako inapendeza kwa megahezi 63, lakini mzunguko ni wa mviringo kwa megahezi 16 tu. Kiraka cha milimita 45 husogea karibu megahezi 35 kwa kila milimita moja ya kosa. Fanya hesabu: nusu milimita ya wino uliotanuka chini ya pasi inatosha kuutoa mviringo nje ya L1, huku S11 ikiendelea kutabasamu.

Dielektriki yenyewe, ile namba inayoonyesha jinsi bodi inavyolifupisha wimbi, haiaminiki. Tunaandika 4.4 kwa mazoea, lakini bodi ikiwa 4.6, masafa yanashuka kwa zaidi ya asilimia 2, nayo ni megahezi 35 nyingine. Muuzaji wa Kariakoo hajui, na hakuna sababu ya kumlaumu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa hatua inayofuata ni huu. Kwenye kipande cha bodi hiyohiyo, osha kwanza mraba mtupu usiokatwa pembe, na uulishe kwenye mstari wa katikati. Pima masafa ya resonansi, upate dielektriki halisi. Kisha pima upana wa bendi pale S11 inapovuka takriban desibeli −9.5 pande zote mbili. Masafa ya katikati mara 0.7, kugawanya kwa upana huo, yanakupa Q. Ukiona megahezi 32, Q yako ni ile 35. Baada ya hapo ukubwa wa pembe za kukata haubahatishwi: jumla ya eneo la pembe zote mbili, ukiligawanya kwa eneo la kiraka, liwe 1 kugawanya kwa mara mbili ya Q. Kwa mraba wa milimita 45 ni kama milimita za mraba 29, maana yake kila pembe ni pembetatu ndogo yenye pande za milimita 5.4.

Halafu angalia chati ya Smith (ule mchoro wa duara kwenye NanoVNA) badala ya kuangalia shimo la S11 peke yake. Ukata ukiwa sahihi, mstari unaozunguka chati huonyesha ncha ndogo kali, kama ncha ya mwiba, karibu na masafa ya katikati. Ukiona kitanzi kinachojifunga, umekata kupita kiasi; ukiona mstari laini usio na ncha, hujakata vya kutosha. Ncha hiyo itakuambia mengi kuhusu mviringo wako kuliko ile −22, ingawa nayo haijui kulia na kushoto.

Swali. Ndugu mjibu maswali, sisi ni kikundi kidogo cha wapima viwanja. Vipokezi vya bendi mbili vya bei nafuu tumeshavipata; tatizo ni antena, kwa kuwa zile zinazokuja nazo ni kubwa kama sahani. Je, fundi anaweza kututengenezea antena ya L1 na L5 yenye ukubwa wa kiberiti, kwa bodi za kawaida? Na je, bendi ya pili ina faida gani kweli, au ni biashara tu? (Fundi wa Kigamboni)

Jibu. Faida ipo, na kwetu sisi tulio karibu na ikweta ni kubwa kuliko kwa walio mbali nayo. Wimbi la setilaiti linapopita katika ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru, hucheleweshwa kwa kiasi kinacholingana na kinyume cha mraba wa masafa yake. Kila kipimo kimoja cha wingi wa elektroni hizo, jinsi wataalamu wanavyozihesabu, huongeza sentimita 16 kwenye umbali unaosomwa kwa L1 na sentimita 29 kwa L5. Mchana ambao ionosfia juu ya Dar es Salaam ina vipimo 50, kosa ni mita 8 kwa L1 na zaidi ya mita 14 kwa L5, na kwa kuwa kipokezi kinaiona tofauti hiyo moja kwa moja, kinaweza kukokotoa sehemu kubwa ya kosa na kuiondoa. Kwa mtu anayegombana na jirani juu ya nusu mita ya mpaka, hilo si pambo.

Ukubwa wa kiberiti ndio mgumu. L1 iko kwenye megahezi 1575.42 na L5 kwenye 1176.45; zote ni mafungu ya 10.23, mara 154 na mara 115. Nusu ya urefu wa wimbi la L5 hewani ni milimita 127. Kwenye FR4 kiraka chake kinapungua hadi milimita 60 kwa kila upande, na bamba la nyuma linapaswa kukizidi angalau kwa sentimita moja kila upande, kwa hiyo uko kwenye sentimita 8. Njia za kukipunguza zaidi ya hapo ni mbili tu, hata kama zimepewa majina mengi. Ya kwanza ni kutumia kihami chenye dielektriki kubwa: viraka vya kauri vya milimita 25 vilivyomo kwenye antena nyingi za magari hutumia dielektriki ya 20 hivi kwa L1, na kwa L5 katika ukubwa huohuo ungehitaji zaidi ya 30. Ya pili ni kuchanja nyufa kwenye kiraka ili mkondo ulazimike kuzizunguka, kama daladala inayopita vichochoroni kukwepa foleni: eneo ni lilelile, safari ni ndefu, na masafa yanashuka.

Njia zote mbili zinalipwa kwa sarafu moja. Wahandisi Wheeler mwaka 1947 na Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba antena ikiwa ndogo kulinganisha na urefu wa wimbi, Q yake ya mnururisho haina budi kupanda, na hakuna ustadi wa umbo unaoweza kuivuka mipaka hiyo. Q ya mnururisho ikipanda juu ya bodi inayopoteza, ufanisi unaanguka. Ikipanda juu ya bodi isiyopoteza, upana wa bendi unaanguka. Na L5 haivumilii bendi nyembamba. Msimbo wa raia wa L1 unachukua megahezi 2 hivi katika sehemu kuu ya wigo wake, lakini ule wa L5 huenda kasi mara kumi na unataka megahezi 20. Nimekokotoa kiraka cha L5 cha mlisho mmoja juu ya FR4 ya milimita 3.2: mviringo wake haufiki hata megahezi 14. Ukikibana kiwe kama kiberiti, hali ni mbaya zaidi.

Kwa kazi yenu ningeacha ndoto ya kiberiti na kulenga sentimita 7 hadi 8, kwa viraka viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kikubwa cha L5 kinakaa chini; kidogo cha L1 kinakaa juu yake na kukitumia kile cha chini kama bamba lake la nyuma. Wapo wanaopata bendi mbili kwenye kiraka kimoja kwa kuchanja nyufa karibu na kingo, lakini njia hiyo hukaa vizuri pale masafa yanapotofautiana sana, na uwiano wa L1 kwa L5 ni 1.34 tu, bendi zinakuwa majirani wanaosikilizana ukutani. Tumieni bodi yenye upotevu mdogo. RO3006 ya kampuni ya Rogers, kwa mfano, ina dielektriki ya 6.15 na tanjenti ya 0.002, na kiraka cha L5 kinashuka hadi kama milimita 51.

Jambo ambalo nisingelipunguza, hata bei ikipanda, ni milisho miwili. Badala ya kukata pembe, acha viraka viwe mraba kamili, vilishe kwa sindano mbili zilizo kwenye pande zinazokutana, na zigawie nguvu kupitia haibridi ya nyuzi 90, saketi inayogawa nguvu sawa kwa sawa kwa tofauti ya fezi ya nyuzi 90. Mviringo sasa unatokana na haibridi, hautokani tena na tofauti nyembamba ya resonansi mbili, na upana wake unaongezeka mara kadhaa. Milisho minne ni bora zaidi kwa upimaji, kwa sababu inakifanya kitovu cha fezi (nukta ambayo antena inaonekana kupokelea) kikae katikati setilaiti inapohama angani; mlisho mmoja wa pembeni hukivuta kitovu hicho huku na huko, na uvutano huo unaingia moja kwa moja kwenye kipimo chenu cha mpaka.

Fundi akianza, avikate viraka vyote viwili vikubwa kidogo kuliko hesabu, kisha avipunguze kwa tupa, upande kwa upande kwa usawa. Kupunguza shaba hupandisha masafa na ni kazi ya dakika moja; kuiongeza ni kulehemu vibanzi vitakavyobanduka. Aanze na kile cha chini, kile cha juu kikiwa kimeshawekwa mahali pake, kwa sababu uwepo wake hubadilisha masafa ya L5.

Swali. Unatuambia tupime uwiano wa mihimili, lakini chumba cha kupimia antena kisicho na mwangwi tutakipata wapi? Hapa Sinza nina NanoVNA na paa tambarare. (Fundi redio)

Jibu. Vinatosha kwa sehemu kubwa. Tengeneza dipole ya nyaya mbili, kila mkono milimita 45, kwa ajili ya L1. Ifunge mwishoni mwa fimbo ya mbao, kebo yake ikitoka nyuma kwa kunyooka, na iwe na pete mbili tatu za feraiti ili kebo yenyewe isigeuke antena. Weka antena inayopimwa juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, ikitazama upande badala ya juu, na dipole iwe mbele yake umbali wa mita moja na nusu. Kisha zungusha fimbo kwa hatua za nyuzi 15 hadi ufikie nusu duara, ukiandika S21 (nguvu inayovuka kutoka antena moja hadi nyingine) kila mara. Tofauti kati ya kubwa kabisa na ndogo kabisa, kwa desibeli, ndiyo uwiano wa mihimili.

Sogeza dipole nyuma sentimita 5 na urudie, kisha sentimita 5 nyingine. Namba zikibadilika sana, unapima mwangwi wa tangi la maji na si antena. Hamia kona nyingine ya paa. NanoVNA itumike kama ilivyo, bila kuongezewa kikuza nguvu cha aina yoyote. Mawimbi ya GPS yanafika chini yakiwa dhaifu mno, karibu dBm −128 kwa L1, na mtu anayerusha kelele kwenye masafa hayo huwaziba majirani zake wote na kujiingiza katika mgogoro na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kipimo hicho hakikuambii mkono. Kwa hilo tengeneza antena ya chemchemi, yaani waya uliozungushwa kama springi. Bomba la PVC la milimita 63 lina mzingo wa milimita 198, ambao ni karibu sawa na urefu wa wimbi la L1, na ndicho kinachotakiwa ili chemchemi irushe kwa mbele. Zungusha waya wa shaba mara tano au sita, kila mzunguko ukiachana na mwenzake kwa milimita 46 hivi, nyuma yake kukiwa na bamba la bati. Waya ukifuata njia ya skrubu ya kawaida, umepata mkono wa kulia. Tengeneza na ya pili inayofuata kinyume. Elekeza kila moja kwa zamu kwenye antena yako: ile inayotoa S21 kubwa zaidi ina mkono uleule wa antena, na pengo kati ya hizo mbili likipungua chini ya desibeli 10, uwiano wako wa mihimili umeshapita desibeli 5 na antena inahitaji kurudi mezani. J. wa Kijitonyama angeokoa kebo tatu.

Swali. Je, nikiifunika antena yangu kwa boksi la plastiki ili kuikinga na chumvi ya baharini, itaathirika? (Msomaji wa Kunduchi)

Jibu. Ndiyo, masafa yatashuka, kwa kuwa plastiki nayo ni kihami na hulisogelea eneo la kingo ambako uga una nguvu. Ikigusa kiraka moja kwa moja athari huwa kubwa kuliko ikiachiwa nafasi ya milimita chache. Usiikwepe kwa kuacha antena wazi: shaba isiyofunikwa karibu na bahari huwa ya kijani baada ya muda, na FR4 iliyokatwa kingo hunyonya unyevu na kuongeza upotevu ambao tayari ni mwingi. Ipake vanishi ya saketi tabaka jembamba, hasa kwenye kingo na kuzunguka sindano, iache ikauke kabisa, halafu funga boksi utakalolitumia na upime upya. Kile kidogo cha tupa unachokusudia kukiondoa kwenye kiraka, kiache hadi boksi liwe limeshafungwa mara moja na kufunguliwa, ukijua limeteremsha megahezi ngapi.